Nani Mrushaji Bora? Takwimu na Tatizo la Kulinganisha Ligi Mbalimbali

Katika kila mchezo wenye historia ndefu huzuka swali lisilokwisha: kati ya wachezaji mashuhuri wa nyakati na mahali mbalimbali, nani alikuwa bora kuliko wote? Aghalabu swali hilo huamuliwa kwa mapenzi ya mtazamaji au kwa kumbukumbu za wazee. Mchezo wa besiboli, unaopendwa sana Marekani, Japani na katika nchi za Karibiani, una jambo moja linalosaidia. Tangu ilipoanzishwa Ligi ya Taifa ya Marekani mwaka 1876, matokeo ya michezo yake yameandikwa na kuhifadhiwa, mchezaji mmoja mmoja. Kwa sababu hiyo wanatakwimu wameutumia mchezo huu kama maabara ya kuchunguzia tatizo la kulinganisha watu ambao hawakupata kushindana ana kwa ana.

Tatizo lenyewe si la besiboli peke yake. Linamkabili mwalimu anayelinganisha alama za shule mbili, na bwana shamba anayelinganisha mavuno ya wilaya mbili zenye mvua tofauti. Makala haya yanaonyesha hatua zinazofuatwa katika kulitatua, na pia mahali ambapo hesabu hufika mwisho wa uwezo wake.

KAZI YA MRUSHAJI NA KIPIMO CHAKE

Besiboli ni ndugu wa kriketi. Timu mbili za wachezaji tisa tisa hupokezana kushambulia na kulinda. Mrushaji ni wa upande unaolinda. Husimama juu ya tuta dogo la udongo, akautupa mpira kwa nguvu kuelekea kwa mpigaji aliye umbali wa meta 18.44. Mpigaji hujaribu kuupiga mpira kwa gongo, kisha hukimbia kupitia vituo vitatu. Akifanikiwa kurudi pale alipoanzia, timu yake hupata alama moja. Wachezaji watatu wa upande unaoshambulia wakitolewa, pande hubadilishana. Kila upande ukishashambulia mara moja, zamu moja imekwisha. Mchezo kamili una zamu tisa.

Kazi ya mrushaji ni kuwazuia wapinzani wasipate alama. Kipimo chake kinachojulikana zaidi hupatikana hivi: huhesabiwa alama ambazo wapinzani walizipata kutokana na urushaji wake, na zile zilizoletwa na makosa ya walinzi wenzake huondolewa. Idadi hiyo huzidishwa kwa 9, kisha hugawanywa kwa idadi ya zamu alizorusha. Jibu linaonyesha ni alama ngapi mrushaji huyo angeruhusu katika mchezo kamili. Hapa kipimo hicho kitaitwa wastani wa alama. Kadiri wastani unavyokuwa mdogo, ndivyo mrushaji anavyohesabiwa kuwa hodari.

MISIMU MIWILI MASHUHURI

Mwaka 1968 Bob Gibson wa timu ya St. Louis Cardinals, katika Ligi ya Taifa, alirusha zamu 304 na theluthi mbili, akaruhusu alama 38 tu. Hesabu yake ni hii:

38 × 9 ÷ 304.67 = 1.12

Mwaka 2000 Pedro Martínez, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika aliyeichezea Boston Red Sox katika Ligi ya Amerika, alirusha zamu 217, akaruhusu alama 42:

42 × 9 ÷ 217 = 1.74

Ligi ya Taifa na Ligi ya Amerika ndizo ligi mbili kuu za Marekani. Mtu akitazama tarakimu hizo peke yake atasema bila kusita kwamba Gibson ndiye bora, kwa kuwa 1.12 ni ndogo kuliko 1.74. Lakini hukumu hiyo inachukulia kwamba wawili hao walifanya kazi katika mazingira yaliyo sawa, na jambo hilo si kweli.

Mwaka 1968 warushaji wote walikuwa na nafasi nzuri. Tuta walilosimama liliruhusiwa kuwa na urefu wa sentimeta 38, na eneo ambamo mpira uliotupwa huhesabiwa kuwa halali lilikuwa limepanuliwa tangu mwaka 1963. Wapigaji walitaabika. Mpigaji aliyeongoza Ligi ya Amerika mwaka huo, Carl Yastrzemski, alifaulu kwa kiwango cha mara 301 katika kila majaribio 1,000, na hakuna aliyepata kuongoza ligi kuu kwa kiwango kidogo kuliko hicho. Wakuu wa mchezo waliona kwamba mizani imeelemea upande mmoja. Kuanzia mwaka 1969 tuta lilishushwa hadi sentimeta 25, na eneo la mpira halali likapunguzwa.

Mambo yalikuwa kinyume wakati wa Martínez. Tangu mwaka 1973, Ligi ya Amerika ilikuwa na kanuni kwamba mrushaji halazimiki kupiga mpira; mahali pake husimama mpigaji maalumu. (Kanuni hiyo iliingia moja kwa moja katika Ligi ya Taifa mwaka 2022.) Gibson, kila alipowamaliza wapigaji wanane, alikutana na mrushaji mwenzake, ambaye kwa kawaida ni mpigaji dhaifu. Martínez hakupata nafuu hiyo ya kila mara. Zaidi ya hayo, katika miaka hiyo baadhi ya wapigaji walitumia dawa za kuongeza nguvu, ilihali ligi hazijaanza kuwapima wachezaji na kuwaadhibu. Alama zilifungwa kwa wingi. Mrushaji aliyemfuata Martínez katika ligi yake mwaka 2000, Roger Clemens, alikuwa na wastani wa 3.70, yaani zaidi ya mara mbili ya ule wa Martínez.

HATUA YA KWANZA: WASTANI WA WALIOMZUNGUKA

Wanafunzi wawili wa shule mbalimbali waweza kuwa mfano mzuri. Wa kwanza amepata alama 60 katika mtihani ambao wastani wa darasa lake ni 40. Wa pili amepata 75 katika mtihani mwingine, ambao wastani wa darasa lake ni 70. Alama 75 ni nyingi kuliko 60, lakini mwalimu mwangalifu ataona kwamba mwanafunzi wa kwanza amejitenga zaidi na wenzake. Yamkini mtihani wake ulikuwa mgumu.

Wanatakwimu wa besiboli hufanya vivyo hivyo. Huchukua wastani wa alama wa ligi nzima, wakaugawanya kwa wastani wa mrushaji, kisha wakazidisha kwa 100. Jibu huitwa kielezo. Mrushaji wa kawaida hupata 100. Anayezidi 100 ni bora kuliko wenzake.

Mwaka 1968 wastani wa Ligi ya Taifa ulikuwa 2.99. Kielezo cha Gibson, basi, ni 2.99 ÷ 1.12 × 100, yaani 267. Mwaka 2000 wastani wa Ligi ya Amerika ulikuwa 4.91. Kielezo cha Martínez ni 4.91 ÷ 1.74 × 100, yaani 282. Mpangilio umegeuka: aliyekuwa nyuma sasa yuko mbele.

Yako marekebisho mengine ya kufanya. Viwanja vya besiboli havina vipimo sawa. Katika vingine ukuta uko karibu, katika vingine uko mbali. Uwanja wa Denver uko meta 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, mpira uliopigwa huenda mbali zaidi, na mpira uliotupwa haujipindi kama kawaida. Mrushaji ambaye nyumbani kwake ni uwanja wa namna hiyo hastahili kuhukumiwa sawa na mwenzake wa pwani. Athari ya viwanja ikishaingizwa katika hesabu, kielezo cha Gibson huwa 258 na cha Martínez 291.

Hata hivyo kielezo hakisemi kila kitu. Gibson alirusha zamu 88 hivi zaidi ya Martínez, yaani kazi yake ilizidi kwa asilimia 40. Kielezo hupima ubora wa kila zamu. Hakipimi wingi wa zamu. Anayeuliza nani alikuwa mgumu zaidi kufungwa atapata jibu moja, na anayeuliza nani aliisaidia timu yake zaidi katika msimu mzima aweza kupata jibu jingine. Swali lisipowekwa wazi, hesabu haiwezi kulisahihisha.

HATUA YA PILI: WALIOVUKA DARAJA

Kielezo kina udhaifu mwingine ulio mkubwa zaidi. Humlinganisha mrushaji na watu wa ligi yake, lakini hakionyeshi watu hao wenyewe wana nguvu kiasi gani. Katika mfano wa wanafunzi wawili, huenda darasa la pili lote lina wanafunzi hodari, na kuwapita hao kwa alama tano ni kazi kubwa. Wastani wa darasa hauwezi kufichua siri hiyo. Njia iliyobaki ni kuwapa wote mtihani mmoja, au kutafuta wanafunzi waliohama kutoka shule moja kwenda nyingine na kutazama alama zao kabla na baada ya kuhama.

Katika besiboli wahamaji hao wapo. Warushaji kadhaa wa Japani walikwenda kucheza katika ligi kuu za Marekani. Wanne kati yao walikuwa na wastani ufuatao katika msimu wa mwisho Japani na msimu wa kwanza Marekani:

Hideo Nomo: 3.63 (1994), kisha 2.54 (1995)
Yu Darvish: 1.44 (2011), kisha 3.90 (2012)
Masahiro Tanaka: 1.27 (2013), kisha 2.77 (2014)
Yoshinobu Yamamoto: 1.21 (2023), kisha 3.00 (2024)

Kwa watatu wa mwisho wastani uliongezeka zaidi ya mara mbili. Mtu mwenye haraka atasema kwamba ligi za Marekani ni ngumu mara mbili kuliko za Japani. Lakini Nomo, aliyewatangulia wote, alifanya vizuri zaidi alipovuka bahari. Hapana budi kuzichunguza tarakimu hizo kwa makini kabla ya kutoa hukumu.

Jambo la kwanza ni wastani wa ligi. Mwaka 2011 ligi za Japani zilianza kutumia mpira mpya ambao haukuruka mbali, na alama zikapungua sana. Wastani wa ligi ya Darvish ulikuwa karibu 3, ambapo wastani wa Ligi ya Amerika mwaka 2012 ulizidi 4 kidogo. Kwa hiyo, hata kama Darvish angebaki katika kiwango kile kile mbele ya wenzake, wastani wake ungepanda kutoka 1.44 hadi karibu na 2. Sehemu hiyo ya ongezeko haihusiani na ugumu wa wapigaji wa Marekani.

Jambo la pili ni mazoea. Mpira wa Japani ni mdogo kidogo na hushikika vizuri mkononi. Huko mrushaji aghalabu hufanya kazi mara moja kwa juma, lakini Marekani hupewa siku nne au tano tu za kupumzika. Mgeni huhitaji muda wa kuzoea. Darvish, katika mwaka wake wa pili, aliteremka kutoka 3.90 hadi 2.83, na Yamamoto akateremka kutoka 3.00 hadi 2.49 mwaka 2025.

Jambo la tatu ni la hila zaidi, nalo huwapotosha hata wasomi. Timu za Marekani humnunua mrushaji baada ya msimu wake mzuri. Lakini msimu mzuri kupita kiasi huwa na mchanganyiko wa ustadi na bahati. Ustadi hubaki, bahati haina ahadi ya kurudi. Hivyo mchezaji aliyechaguliwa kwa sababu ya kilele chake atashuka kidogo mwaka unaofuata hata asipohama. Mwingereza Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886, alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao: watoto wa wazazi warefu sana walikuwa warefu, lakini si sana kama wazazi wao. Nomo ni mfano wa upande wa pili. Msimu wake wa 1994 uliharibiwa na maumivu ya bega, kwa hiyo alihama akiwa chini ya kiwango chake cha kawaida, naye akapanda.

Kwa sababu hizi zote, daraja la mtu mmoja halitoshi. Wanatakwimu hukusanya wahamaji wengi wa miaka mingi, wanaokwenda na wanaorudi, wakachukua tofauti ya jumla. Kadiri idadi inavyokua, ndivyo bahati ya huyu inavyofutwa na mkosi wa yule. Lakini usahihi hauji kwa urahisi: ili wasiwasi wa kisio upungue kwa nusu, idadi ya matukio yanayohesabiwa lazima iongezwe mara nne.

PALE DARAJA LILIPOVUNJWA

Mpaka hapa imechukuliwa kwamba wachezaji walikuwa huru kuvuka. Katika historia ya Marekani kulikuwa na muda mrefu ambapo hawakuwa huru. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwaka 1947, Jackie Robinson alipoingia katika Ligi ya Taifa, wachezaji Weusi walizuiwa kucheza katika ligi kuu kwa sababu ya rangi yao. Mwaka 1920 Rube Foster aliongoza kuanzishwa kwa ligi ya taifa ya wachezaji Weusi katika mji wa Kansas City, na nyingine zikafuata. Humo walikuwamo warushaji waliosifiwa sana, na mashuhuri kuliko wote alikuwa Satchel Paige, aliyezaliwa mwaka 1906.

Kwa miongo mingi kumbukumbu za ligi hizo hazikuhesabiwa kuwa za ligi kuu. Desemba 2020 wakuu wa besiboli ya Marekani walizitambua ligi saba za Weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 kuwa ligi kuu. Mei 2024 takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 ziliingizwa katika daftari rasmi. Kazi hiyo iliwezekana kwa juhudi za watafiti waliopekua magazeti ya zamani, ukurasa kwa ukurasa, wakikusanya matokeo ya michezo. Walifanikiwa kupata takriban robo tatu ya kumbukumbu zinazokisiwa kuwapo.

Matokeo yake ni kwamba wastani wa 1.01 alioupata Paige mwaka 1944 akiwa na Kansas City Monarchs sasa ni wa tatu katika orodha ya misimu bora ya warushaji, mbele ya ule wa Gibson. Wako waliolalamika. Walisema misimu ya ligi za Weusi ilikuwa mifupi, mara nyingi michezo 60 hadi 80 inayohesabiwa, ilhali ligi kuu zilicheza 154, na kwamba haijulikani wapigaji wa huko walikuwa na nguvu kiasi gani.

Hoja hizo zinastahili kupimwa kwa kanuni zilizokwisha elezwa. Ni kweli kwamba msimu mfupi huipa bahati nafasi kubwa. Lakini wa kwanza katika orodha hiyo hiyo, Tim Keefe, alipata wastani wake wa 0.86 mwaka 1880 kwa kurusha zamu 105 tu, tena kutoka umbali wa meta 13.7, kwa kuwa umbali wa leo ulianza mwaka 1893. Hakuna aliyedai jina lake lifutwe. Orodha hiyo tangu mwanzo ilikuwa na vitu visivyolingana. Ubaguzi ulifanya baadhi ya tofauti zivumiliwe na nyingine zikataliwe.

Na kuhusu nguvu za ligi za Weusi, ushahidi wa daraja upo, ingawa ulichelewa. Paige aliruhusiwa kuingia Ligi ya Amerika Julai 1948 akiwa na umri wa miaka 42, umri ambao warushaji wengi wamekwisha staafu. Kwa timu ya Cleveland alirusha zamu 72 na theluthi mbili, akaruhusu alama 20. Wastani wake ulikuwa 2.48. Wastani wa ligi mwaka huo ulizidi 4 kidogo, kwa hiyo kielezo chake kilizidi 160. Idadi hiyo ya zamu ni ndogo: kama angeruhusu alama tano zaidi, wastani ungefika 3.10. Lakini yeye si shahidi pekee. Kuanzia mwaka 1949 hadi 1953, miaka mitano mfululizo, tuzo ya mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa ilichukuliwa na wachezaji waliotoka ligi za Weusi, wawili kati yao wakiwa warushaji: Don Newcombe na Joe Black. Ligi dhaifu haitoi watu wa namna hiyo mwaka hadi mwaka.

Lakini Paige alikuwa mrushaji wa namna gani mbele ya wapigaji wote bora wa nchi yake alipokuwa na miaka 25 au 30? Swali hilo halina jibu, wala halitapata. Tatizo haliko katika hesabu. Michezo ambayo ingetoa jibu haikuchezwa, na hapana kanuni ya takwimu inayoweza kurudisha vipimo ambavyo watu walizuiwa kuvitoa. Takwimu zaweza kusahihisha urefu wa tuta, wepesi wa hewa na aina ya mpira, kwa sababu pande zote mbili zilipimwa. Mlango uliofungwa hauachi tarakimu ya kusahihisha.

KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Mwanafunzi anayekutana na ulinganisho wowote wa tarakimu, uwe wa michezo, wa mitihani au wa mavuno, afaa aulize mambo manne. Je, wastani wa wale waliomzunguka mtu huyo ulikuwa kiasi gani? Je, wako waliovuka kutoka kundi moja kwenda jingine, nao walibadilika vipi? Je, matukio yaliyohesabiwa ni mengi kiasi cha kutosha, au ni machache ambayo bahati yaweza kuyageuza? Na mwisho, ni akina nani ambao hawamo katika orodha, na kwa sababu gani?

Darasa laweza kufanya zoezi hili kwa ligi za kandanda za mitaa miwili iliyo jirani. Wanafunzi waandike mabao ya kila mfungaji na idadi ya michezo aliyocheza, watafute wastani wa kila ligi, kisha wakokotoe kielezo cha kila mfungaji. Baadaye wawatafute wachezaji waliowahi kucheza katika ligi zote mbili, na walinganishe vielezo vyao. Pengine watawapata wawili au watatu tu. Hapo mwalimu apate nafasi ya kueleza kwa nini jibu lao ni kisio tu, na ni michezo mingapi zaidi wangehitaji kuihesabu ili waliamini.